Magari ya Safari ya zamani yasiishie kwenye mizani ya chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni kwa miaka mingi, nalo linahusu magari yaliyokimbia katika mbio za Safari za Afrika Mashariki miaka ya 1950, 1960 na mwanzoni mwa 1970. Mimi ni fundi wa magari mstaafu, mzaliwa wa Mombo mkoani Tanga mwaka 1956. Walionifanya nishike kalamu ni wajukuu zangu, ambao walikuwa wakitazama kwenye simu picha za mbio za Safari zinazofanyika siku hizi Naivasha, nchini Kenya, na mmoja wao akaniuliza, "Babu, ni kweli mbio hizi ziliwahi kupita kwetu?" Nilipomjibu kwamba zilipita kwetu mwaka baada ya mwaka, na kwamba mwaka 1972 zilianzia Dar es Salaam, alinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za sungura na fisi. Sikumlaumu. Sijui mahali popote katika nchi hii ambapo ningeweza kumshika mkono, nikampeleka, nikamwambia: tazama, mojawapo ya magari yale ni hili hapa.

Kwa faida ya wasomaji vijana nianze na asili ya jambo lenyewe. Mbio hizi zilifanyika kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa mbio za watawala na walowezi, hilo sitaki kulificha, na Mwafrika hakualikwa isipokuwa kwa kusukuma na kuosha. Hata hivyo, waandaaji waliweka utaratibu mmoja ambao baadaye ndio uliozifanya zipendwe na watu wasioalikwa. Magari yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake ya dukani badala ya ukubwa wa injini. Mwaka huo wa kwanza hakutangazwa mshindi wa jumla, lakini gari lililomaliza na alama chache kabisa za adhabu lilikuwa Volkswagen ndogo, ile tunayoiita kobe, iliyoendeshwa na Alan Dix na Johnny Larsen. Mwaka uliofuata Volkswagen hiyo hiyo ikashinda mbio zote mikononi mwa Vic Preston na D. P. Marwaha. Mwenye duka la rejareja aliyekuwa na kobe yake ya kubebea magunia ya sukari angeweza kusimama kando ya barabara na kusema, gari langu ndilo hilo, na asingekuwa ametia chumvi hata kidogo.

Namna ya kumpata mshindi nayo haikuhitaji elimu. Njiani kulikuwa na vituo vya ukaguzi na kila gari lilipangiwa dakika ya kufika; ukichelewa dakika moja unaandikiwa alama moja ya adhabu, na mwenye alama chache kuliko wenzake ndiye bingwa. Barabara hazikufungwa kama zinavyofungwa sasa. Dereva wa mbio alikutana na lori la katani, basi la abiria, ng'ombe wa Wamasai na bibi aliyejitwika kuni, na wote hao walikuwa na haki ya kupita kama yeye. Kwa hiyo gari halikushindana na magari mengine tu. Lilishindana na saa na matope, tena na mito iliyofurika, kwa kuwa mbio zilihamishiwa siku za Pasaka na masika huku kwetu haina simile siku hizo.

Katika magari yote yaliyopita, Peugeot 404 ndiyo iliyowateka watu wa kwetu. Ilishinda mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na msoma ramani wake Chris Rothwell, na kwa kuwa Shankland, ingawa asili yake ni Uskoti, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, Watanzania waliuhesabu kuwa ushindi wao bila kumwomba mtu ruhusa. Nimefanya kazi na 404 kwa zaidi ya miaka ishirini na ninaweza kuieleza nikiwa nimefumba macho. Injini yake ni ya silinda nne, ujazo wa lita 1.6, nayo imelazwa upande mmoja mithili ya mtu aliyeegemea ukuta. Gia zake ziko kwenye usukani, na mbele pana tundu la kupitishia hendeli, ili betri ikifa dereva ashuke, azungushe mara mbili au tatu, aendelee na safari. Gari hilo hilo lilikuwa teksi ya pale stendi. Lilikuwa pia gari la daktari wa wilaya, na toleo lake refu lenye viti vya ziada nyuma lilipandisha abiria Lushoto huku magunia ya kabichi yakiwa yamefungwa juu. Dereva wa teksi aliyetega sikio redioni Jumatatu ya Pasaka alikuwa anasikiliza habari za gari analolijua mlio wake. Alijua joto la injini linavyopanda ukifika Soni, alijua klachi inavyoanza kunuka ukiilazimisha kwenye kona, na aliposikia kwamba gari kama lake limetoka Nairobi likazunguka nchi tatu na kurudi likiwa la kwanza, kesho yake aliliosha kwa heshima.

Usiku mmoja wa Pasaka ya mwaka 1967 sijausahau. Nilikuwa na miaka 11. Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi katika gereji ndogo pale Mombo, na alituruhusu watoto tukae naye kando ya barabara, tumejifunika magunia ya katani kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Mara ya kwanza huoni gari. Unaona mwanga unaotembea juu ya majani ya mikonge, unatoweka, unarudi ukiwa karibu zaidi, kisha unasikia injini ikipandishwa na kushushwa, halafu ghafla taa zote zinakupiga usoni na kitu chekundu cha matope kinapita kwa kishindo, nyuma yake kikiacha harufu ya petroli na breki zilizopata moto. Magari matano au sita yalipita hivyo. La saba, Ford Cortina nyeupe ambayo sikupata kujua ilikuwa ya nani, liliteleza palipokuwa na dimbwi likanasa. Msoma ramani alitoka upande wa kushoto, akaenda nyuma, akakanyaga bampa, akashika vishikio viwili vilivyokuwa vimefungwa kwenye buti, akaanza kurukaruka ili matairi ya nyuma yapate kushika. Baba mdogo akatupigia kelele, "Wanangu, msisimame nyuma ya gurudumu, njooni ubavuni, sukumeni!" Tulisukuma. Bodi ilikuwa ya moto kwenye viganja vyangu ingawa mvua ilikuwa ikiipiga, na nilihisi chuma kinatetemeka kama mnyama aliyechoka. Lilipotoka, yule msoma ramani alikimbia, akajitupa ndani mlango ukiwa wazi, na mkono mmoja ukatokea dirishani kutupungia. Asubuhi yake nilikuwa na matope ndani ya masikio, na nilikwisha kuamua nitakuwa fundi.

Watu wa umri wangu wanajua kwamba sisimulii mambo ya kukuza. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 tena yakarudi 7. Kwa takriban miaka ishirini madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja na timu za viwanda, wakashindwa na wenyeji wanaojua udongo mweusi unavyobadilika ukipata mvua ya nusu saa. Mpaka mwaka 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kushinda, akiwa na Ford Escort.

Wa kukumbukwa kuliko wote, kwangu mimi, ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye wananchi walimwita Simba. Namtaja kwa mapenzi ya pekee kwa sababu alikuwa fundi, amekulia katika gereji ya baba yake, na mwaka 1965 aliposhinda pamoja na nduguye Jaswant walikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, iliyokuwa ya timu ya kiwanda kabla haijafika kwao. Mtu alichukua gari la mkononi, akalifungua nati kwa nati, akalifunga upya kwa mikono yake, akawashinda waliokuja na magari mapya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Sisi vijana wa gereji tulijifunza kwake kwamba gari hushinda likiwa bado liko juu ya mawe usiku wa kuamkia safari, pale fundi anapokaza kila nati kisha anarudi kuikaza mara ya pili.

Hapa naomba nivuke bahari kidogo, kwa sababu jambo hili lina ndugu yake Marekani. Mpwa wangu anaishi Charlotte, North Carolina, na amenieleza kuhusu mashindano yao ya magari ya kawaida, yale yanayosimamiwa na NASCAR, ambayo shindano lake la kwanza la magari ya dukani lilifanyika katika uwanja wa vumbi wa mji huo tarehe 19 Juni 1949, miaka minne tu kabla ya Safari yetu ya kwanza. Sharti lilikuwa kwamba gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Aliyetangulia kufika, Glenn Dunnaway, alinyang'anywa ushindi kwa sababu wakaguzi waligundua kwamba springi za Ford yake zilikuwa zimeongezwa nguvu, na ushindi akapewa Jim Roper aliyekuwa na Lincoln. Niliposoma hayo nilifurahi, maana ni wivu ule ule wa kulinda ukawaida wa gari niliokuwa nikiuona kwa wazee wetu. Tofauti inaanzia kwenye kilichofuata. Wenzetu wanajua magari yao yako wapi. Hudson Hornet ya dereva Herb Thomas, iliyotamba katika miaka ya 1950, ipo katika makumbusho ya Ypsilanti, Michigan, na pale Charlotte kulifunguliwa jumba kubwa la historia ya mashindano hayo mwaka 2010. Mpwa wangu amempeleka mwanawe. Mtoto amesimama mbele ya gari la babu za watu na ameliona kwa macho yake.

Na ya kwetu yako wapi? Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller imetunzwa na kiwanda cha Nissan mjini Zama, Japani, ikiwa na mikwaruzo na mabonyeo yake kama ilivyotoka kwenye barabara zetu. Hawakuipiga plasta wala kuinyoosha bodi. Nawapongeza kwa moyo mweupe, kwa kuwa wameelewa kwamba thamani ya gari lile iko katika yale mabonyeo, ambayo kila moja ni jiwe la Afrika Mashariki. Lakini mtoto wa Mombo akitaka kuona alama za mawe ya kwao inampasa afunge safari hadi Japani.

Tulivyofika hapa kuna sababu, na si ya mtu mmoja. Kuanzia mwaka 1974 mbio zilifanyika Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, ikawa kizazi kizima kimekua bila kuona gari la Safari likipita. Ikaja vita ya Kagera, vikaja vile vipindi vya kukosa mafuta, magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana, na spea zikawa adimu kama dhahabu. Gari la zamani likawa ghala la vipuri: mmoja anachomoa kabureta, mwingine radieta, wa tatu anachukua vioo, mpaka linabaki ganda. Mimi mwenyewe nimechomoa, sikatai, kwa kuwa abiria walikuwa wanasubiri na gari la abiria lilikuwa lazima litembee.

Ninachokisikitikia zaidi kilitokea baadaye, wakati hatukuwa tena na kisingizio hicho. Katika mji mmoja wa mkoa wetu kulikuwa na 404 iliyokaa chini ya mwembe nyuma ya gereji tangu nikiwa kijana. Wenyeji walisema ilikimbia Safari, nami nikiwa fundi sikutaka kuamini maneno matupu, nikaenda kuikagua. Chini ya injini ilikuwa na bamba nene la chuma lililochomelewa kwa mkono na fundi hodari, si la kiwandani. Kwenye bampa ya mbele kulikuwa na matundu ya mabano ya taa nne za ziada. Dashibodi upande wa msoma ramani ilikuwa imetobolewa mahali palipofungwa saa mbili. Kwenye buti zilibaki alama za vile vishikio nilivyoviona utotoni. Na kwenye mlango wa dereva, nilipoisugua rangi ya bluu kwa kitambaa chenye petroli, chini yake ikajitokeza rangi nyeupe na kipande cha namba nyeusi iliyoandikwa kwa brashi. Ilikuwa mwaka 2008. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kuuliza kama kuna namna ya kulinda kitu kama hicho. Aliyenipokea alikuwa mpole, alinipa kiti, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mzee wangu, huo ni mkweche tu, tuna mambo mengi." Miezi michache baadaye nilipita pale nikakuta vijana wawili na mtungi wa gesi. Walikuwa wamekwisha kukata paa. Milango ilikuwa imelazwa juu ya mizani, ikipimwa kwa kilo pamoja na mabati na vitanda vilivyovunjika. Nilimwomba mwenye mali aniuzie mlango ule mmoja, lakini ulikuwa umekwisha kukunjwa.

Sina ugomvi na vijana wale. Walikuwa wanatafuta riziki, na chuma chakavu ni biashara halali. Wala simlaumu mwenye mali, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anacho kitu cha thamani. Ninacholalamikia ni kwamba hatujawahi kukaa kama taifa tukasema magari haya ni sehemu ya historia yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na ni sawa kabisa kuilinda, kwa sababu imebeba kazi ya mikono ya mafundi wetu. Lile bamba chini ya injini, nalo lilikuwa kazi ya mikono ya fundi wetu.

Najua wapo watakaosema kwamba yapo mashindano ya magari ya kale, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili na mara kadhaa yamevuka hadi Tanzania. Nayafuatilia na nayaheshimu. Nilisafiri hadi Arusha kuyaona, na nilipoisikia Ford Escort ya zamani ikipandishwa gia nilitokwa na machozi mbele za watu bila kuona haya. Lakini hayatoshi kwa jambo ninalolisema. Magari mengi yanayoshiriki huletwa kwa meli kutoka Ulaya yakiwa yametengenezwa upya kwa gharama kubwa, yanapita, yanarudishwa kwenye makontena. Tena Porsche 911 ndiyo inayotawala pale, gari ambalo katika Safari ya zamani halikushinda hata mara moja pamoja na kushika nafasi ya pili mara kadhaa. Mtoto anayejifunza historia kwa kutazama mashindano hayo peke yake atadhani Porsche ndiye alikuwa mfalme, na Peugeot ya dereva wa teksi hatoijua. Mbio za Naivasha nazo ni nzuri kwa namna yake, na nilifurahi ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ila magari ya daraja la juu la sasa yamebaki na jina na sura tu ya gari la dukani. Ndani ni fremu ya mabomba ya chuma, na hakuna mwalimu wala muuguzi atakayelinunua.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo na linatekelezeka. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yanayo tayari magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, likiwemo Rolls-Royce, na nimewaona wanafunzi wakiyazunguka kwa shauku. Naomba ipatikane nafasi ya gari moja zaidi katika jengo hilo: Peugeot 404 moja ya miaka ya 1960, ikiwezekana iliyokimbia, na isipopatikana basi hata iliyokuwa teksi, ifungwe taa na vishikio kama zilivyokuwa zile za Shankland. Naamini bado zipo chache zimelala kwenye mashamba ya mkonge na ya kahawa, kwenye yadi za misheni na nyuma ya nyumba za familia ambazo wazee wake wamefariki. Tangazo katika gazeti hili, na katika redio za mikoani, linaweza kuzifichua kabla wenye mitungi ya gesi hawajazifikia. Kazi ya kuirudisha gari hali yake ifanywe na wanafunzi wa vyuo vya ufundi wakisimamiwa na wazee waliobaki. Nawafahamu wanne mimi mwenyewe, na mkubwa wao ana miaka 84 lakini bado anatambua ubovu wa giaboksi kwa kusikiliza tu.

Pamoja na gari hilo yaandikwe majina. Vitabu vya Safari vimejaa majina ya madereva na wasoma ramani, na wanastahili. Lakini usiku ule wa 1967 kulikuwa na mafundi katika kila mji, wakiwa na taa za karabai na masanduku ya spana, waliobadilisha shoku na springi kwa dakika chache ndani ya tope, na sijaona kitabu kilichowataja hata kwa mstari mmoja. Wengi wamekwisha kuzikwa. Walio hai watafutwe, warekodiwe wakisimulia kwa Kiswahili chao, waseme walifanya nini na walilipwa nini, hata kama malipo yenyewe yalikuwa mkono uliopunga dirishani.

Kwa upande wangu sitaki kuomba nikiwa mikono mitupu. Siku ile walipoikata ile 404 chini ya mwembe, kitu kimoja hawakukiona, kwa kuwa kilikuwa kimebanwa kwa mikanda ya mpira nyuma ya kiti. Ni hendeli ya kuwashia. Mpini wake umezungushiwa utepe wa ngozi ambao umekuwa mweusi kwa jasho, na karibu na ncha kuna mchomeleo mahali ilipowahi kuvunjika, mchomeleo safi kabisa wa mtu anayejua kazi. Nilimlipa mwenye mali bei ya kilo zake, akashangaa naitaka ya nini. Nimeipaka grisi na kuifunga kwenye gunia, iko chini ya kitanda changu. Mhusika yeyote wa Makumbusho akiniandikia kupitia gazeti lako nitaileta Dar es Salaam mwenyewe kwa basi, na mjukuu wangu aliyeuliza lile swali amekwisha kuniambia kwamba ndiye atakayeibeba.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu,
Mombo, Tanga